Mamlaka ya Mji Mkongwe imefufua mji au imeupaka rangi? Hasa mliowahi kuomba kibali, njooni

MwanaKiponda

Wakuu, heshima zenu.

Mwezi wa nne, masika yamekolea, saa nane za usiku tukasikia mshindo chumba cha kati. Kipande cha dari ukubwa wa mkeka wa kusalia kimeangukia kitanda cha babu. Babu, alhamdulillahi, alikuwa ameshaamka kwenda chooni. Tulipomulika na simu tukaona boriti tatu zimekatika pale pale zinapoingia ukutani. Ncha zake ukizibinya kwa vidole zinamong'onyoka kama kashata iliyolala siku tatu.

Nyumba iko Kiponda, ghorofa mbili, ya urithi. Warithi tumefika 23: wengine hapa Unguja, wengine Dar, watatu Muscat, mmoja Toronto. Kila mtu ana fungu lake kwenye nyumba, lakini gata (mfereji wa maji ya mvua paani) likitoboka halina mwenyewe.

Na nisiseme uongo, tumeiharibu wenyewe. Mwaka 2006 baba mdogo alichoka na chokaa inayopukutika, akatafuta fundi, wakapiga plasta ya saruji ukuta mzima wa nyuma. Ukapendeza misimu miwili. Halafu ukaanza kutoa chumvi, rangi ikawa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na ndani chumba cha kati kikawa hakikauki hata kiangazi.

Basi ndiyo nikajikuta nimekwenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kwetu sisi ilikuwa inatajwa kama wazazi wanavyowatishia watoto polisi: "usigonge nyundo mchana, Mji Mkongwe watakuja". Alikuja kijana mmoja na daftari na kinyundo kidogo. Mimi nimemfungulia chumba chenye dari bovu, yeye akauliza ngazi ya paa iko wapi. Akakaa huko juu nusu saa. Aliposhuka akaniuliza: "Hili gata mara ya mwisho limesafishwa lini?" Sikuwa na jibu. Akanionyesha na mche wa mkuyu umeota juu ya ukuta, mizizi imeshaingia ndani kama mkono mfukoni.

Toka siku ile nawaza. Mamlaka imeanzishwa 1985, sheria ya hifadhi ikapitishwa 1994, mji ukaingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Tuko wapi? Nataka kusikia kwa waliokaa humu, si waliopita na kamera.

Mzee wa Sokomuhogo

Mwanangu, pole kwa dari. Babu umsalimie.

Ukitaka kuihukumu Mamlaka kwanza ujue imepokea nini. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa. Wenyewe wakaondoka, au wakaondolewa. Zikaingizwa watu chumba kwa chumba: huyu ametoka shamba, huyu Pemba, familia nzima katika chumba kilichokuwa cha kuwekea karafuu. Kodi ilikuwa ndogo na nyumba haikuwa yako. Sasa wewe mpangaji wa chumba cha chini utapanda paa la nani kwenda kuzoa majani? Serikali macho yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwenye majumba ya Michenzani. Mji huku ukawa unajiangukia.

Sisemi kwa mafumbo. Tunakunywa kahawa barazani, mshindo unasikika, mtu anauliza tu, "hiyo ya wapi tena?" Masika mama zetu walikuwa wanatukataza vichochoro kwa majina.

Mwaka 1982 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja kuutazama mji na kuupangia, na baada yake ndiyo ikazaliwa Mamlaka. Eneo lina nyumba kama 1,700, na nyingi zilikuwa hoi. Halafu milango ya biashara ikafunguka, nyumba kadhaa za serikali zikauzwa kwa watu binafsi, wageni wakaanza kuja. Kwa hiyo Mamlaka ilikabidhiwa mgonjwa mahututi na wakati huo huo wanunuzi wako mlangoni wanauliza bei ya maiti.

Mzizima77

Mzee umeua hapo mwisho 😂

Chokaa_Mbichi

Mleta uzi, mimi ni fundi, nimekula vumbi la mji huu miaka mingi. Naomba nikueleze boriti zako zimekufaje, maana ukielewa hilo utaelewa kwa nini Mamlaka wanakuwa wakorofi kuhusu saruji.

Ukuta wako ni jiwe la matumbawe, chokaa, na udongo mwekundu. Unafika futi mbili unene na ndani si mgumu, ni kifusi kilichoshikana. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji kutoka chini na kutoka juu, kisha unayatoa jasho kupitia plasta ya chokaa. Ndiyo maana chokaa inapukutika: inapukutika yenyewe ili jiwe lipone. Unaipiga upya kila baada ya miaka kadhaa, basi. Baba yako mdogo alipoweka saruji aliuvisha ukuta koti la mvua. Maji ya gata lililotoboka yakawa yanaingia juu, hayana pa kutokea, yakatafuta njia laini. Njia laini ni mti. Ncha ya boriti iliyozikwa ukutani ndiyo inayokunywa ya mwisho na kuoza ya kwanza. Katikati boriti yako bado nzima, naweka dau. Igonge uisikie.

Na boriti hizo ndizo zilizoupima mji. Mkoko ulionyooka unakupa karibu mita tatu za kazi, kwa hiyo vyumba vyote vya zamani vyembamba na virefu. Watalii wanadhani ni mtindo. Ni urefu wa mti.

Kuhusu swali lako. Kwangu mimi kazi kubwa iliyofanyika miaka ya tisini haikuwa kibali wala ramani. Ilikuwa ile Dispensari ya Zamani pale Mizingani, jengo la Tharia Topan lililowekewa jiwe la msingi 1887 kwa jubilei ya Malkia Victoria. Lilikuwa limechoka, roshani zake za mbao zinaning'inia. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukalichukua ukalitengeneza. Watu wanasifia roshani. Mie nasifia kwamba mafundi walijifunza pale. Kuna vijana waliingia hawajui chokaa inalazwa muda gani, wakatoka wanajua. Mimi nimefundishwa na mmoja wao.

Maana chokaa si kitu cha kununua leo ukapiga kesho. Jiwe linachomwa kwenye tanuri la magogo ya mnazi, linatoka jepesi, jeupe. Ukilimwagia maji linachemka mbele yako, linapasuka lenyewe. Halafu unalilaza chini ya maji wiki na wiki mpaka liwe kama mtindi mzito. Fundi asiyekuwa na subira anachanganya saruji kidogo "ili ishike". Hapo ndipo kesi nyingi za mji huu zinapoanzia.

MhasibuWaNdoto

Habari tamu, lakini nani analipa? Mnaongea chokaa kama watu wenye pesa. Nyumba ya ghorofa mbili ya matumbawe haijilipi kwa kodi ya wapangaji. Inajilipa ikiwa hoteli. Bila wawekezaji nusu ya Shangani na Hurumzi ingekuwa kifusi leo. Mamlaka ingekuwa na akili ingeacha kung'ang'ania mbao na madirisha, iwaachie wenye mitaji wafanye kazi. Forodhani mnayojivunia ilifufuliwa kwa pesa za nani? Ukuta wa bahari wa Mizingani kwa pesa za nani? Aga Khan, Benki ya Dunia. Semeni ukweli.

BintiShangani

Kaka Mhasibu, Forodhani siibishii. Bustani ilifunguliwa upya 2009 na aliyekuwa akiijua zamani anajua tofauti: taa, mifereji, ukuta wa bahari, mahali pa kuchomea mishikaki palipopangwa. Mie nilikuwa naenda na viatu vya kutupa kwa ajili ya madimbwi. Na cha maana pale, wenyeji hatukufungiwa geti. Jioni utawakuta watoto wa Ng'ambo wanaruka baharini na mtalii anapiga foleni ya juisi ya miwa nyuma ya dereva wa daladala. Huko ndiko kufufua.

Lakini hili la "waachiwe wenye mitaji" tulishaliona. Umesahau Mambo Msiige? Jengo la katikati ya karne ya 19, hadithi yake kila mtoto wa mjini anaijua, kwamba mwenyewe alichanganya mayai kwenye chokaa mpaka watu wakaambiwa jambo hili msiige. Likabandikwa jengo jipya kubwa kando yake, Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamika kuhusu ukubwa wake, barua zikaenda na kurudi, na 2015 hoteli ikafunguliwa kama kawaida. Mwenye nyumba ya Kiponda akitoboa dirisha anaandikiwa. Mwenye mtaji akitoboa mandhari ya bahari nzima, inakuwa mada ya mkutano.

Halafu nikwambie kinachoniuma zaidi. Kichochoro chetu nilipokuwa mdogo kilikuwa na nyumba nane zenye watu. Leo mbili. Nyengine zote za wageni, na wageni hawakai barazani. Kuta zimepigwa chokaa safi, milango imepakwa mafuta, mfaa (ule mti wa katikati) wa kila mlango unang'aa, na ukiugua usiku huna wa kumgongea. Hamna kanzu zilizoanikwa, hamna mtoto anayetumwa chumvi. Kwenye picha ya UNESCO mji umepona.

MhasibuWaNdoto

Dada, watu hawakufukuzwa. Waliuza. Wakajenga Fuoni, wakapata pa kuegesha gari na tanki la maji. Mnataka wenzenu wabaki kwenye nyumba zinazovuja ili nyie mpate mtu wa kumgongea?

BintiShangani

Wengine waliuza, kweli. Wengine nyumba ilikuwa si yao, ya wakfu au ya serikali, wakahamishwa ukarabati ulipoanza na wakarudi kama wapita njia. Usiwachanganye.

KibokoniBoy

Nasoma toka Mombasa (Mombasa ya Kenya, si ile yenu ya Unguja njiani kwenda Kwerekwe 😅).

Hapa kwetu Mji wa Kale uko chini ya Makumbusho ya Taifa, kuna afisi yao maalumu ya uhifadhi wa mji. Masaibu ni yale yale: mirathi, gata, saruji. Roshani zetu za mbao zinazooza ndizo boriti zenu. Tofauti ninayoiona, nyinyi mna chombo chenye jina la mji wenyewe, chenye sheria yake. Hapa wenye plani za ujenzi ni wengine, wenye uhifadhi ni wengine, na wenye taka ni wengine tena. Mzee akiomba kibali anazunguka afisi mpaka anachoka, anajenga Ijumaa usiku.

Lamu wao wameingia Urithi wa Dunia mwaka mmoja baada yenu, 2001, na kitu kimoja kimewasaidia mno: gari haliingii. Punda hatikisi ukuta. Nyinyi vespa na pikipiki kwenye vichochoro mmeziachia vipi?

Mzee wa Sokomuhogo

Vespa usiiguse, mimi nimeoa kwa vespa.

Mzizima77

Bora nyie mnagombana kuhusu dirisha. Sisi wa Dar, pale Posta, jengo la zamani unapita Jumatatu lipo, Jumatatu ya pili kuna mabati ya buluu na tangazo la ghorofa. Boma la Kale la enzi za Sultani Majid limepona, lina kituo cha historia ya majengo ya jiji ndani yake, na lile unaweza kumpeleka mtoto akaona matumbawe yanavyofanana na ya Unguja. Lakini chombo cha kumzuia mtu asibomoe kesho asubuhi, chenye watu wanaopita mitaani na daftari, hatuna kama hicho. MwanaKiponda, yule kijana aliyepanda paa lako, sisi tungemlipia nauli.

Mwenda_Pole

Na Beit al-Ajaib je? Mnazunguka tu. Nyumba ya Sultani Barghash ya 1883, kubwa kuliko zote mjini. Agosti 27, 1896 Waingereza waliipigia mizinga ikulu dakika 38, jirani yake Beit al-Hukm ikafutika, yenyewe ikabaki imesimama. Ikaja kuanguka sehemu yake Desemba 25, 2020, mafundi wakiwa ndani, na watu wawili wakafariki. Miaka minane kabla, 2012, roshani yake ilikuwa imeshaanguka kipande. Mji ulikuwa na sheria, una Mamlaka, una UNESCO, una pesa za Oman za ukarabati. Kama jengo lile halikusalimika, babu wa Kiponda atasalimika na nini?

Chokaa_Mbichi

Ile siku nilikuwa Malindi. Vumbi lilikuwa jeupe mpaka kwenye majani ya miti ya Forodhani. Sitaki kuandika mengi, waliofariki ni wenzetu wa kazi.

Nitasema hili moja. Jengo kubwa lina wenyewe wengi kuliko mirathi ya mleta uzi: wizara, makumbusho, wafadhili, Mamlaka, mkandarasi. Kila mmoja ana fungu lake. Rudi usome mwenyewe alivyoandika kuhusu gata.

Mwenda_Pole

Nimekuelewa, fundi. Pole.

MwanaKiponda

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Nimesoma yote. Nawapa mrejesho.

Fundi, ulishinda dau. Nilizigonga boriti, katikati zinalia ngo, ngo, nzima kabisa. Zimeoza kiganja kimoja na nusu tu kila ncha.

Kibali kimetoka. Masharti yenyewe si ya ajabu kama nilivyokuwa nikiogopa. Saruji yote ya ukuta wa nyuma ibanduliwe, taratibu, kwa patasi na si kwa mashine. Chokaa tupu. Boriti mpya za mkoko pale zilipokufa, na ncha zisizikwe kwenye ukuta mbichi. Gata jipya kabla ya kitu kingine chochote. Madirisha ya mbao yabaki. Baba mdogo aliomba aluminiamu kwa mara ya mwisho na akakataliwa kwa mara ya mwisho. Mlango usiguswe kabisa, wala usihamishwe.

Kuhusu mlango kuna kisa. Mjomba mmoja (simtaji, yumo humu anasoma) alikuwa ameshaelewana na mtu wa kuununua. Alikuja na futi, akaupima, akauliza minyororo yake iko wapi. Kijana wa Mamlaka alipoandika kwenye daftari "mlango wa nakshi, mraba, mfaa mzima", kumbe ameshauandikisha. Mjomba akanyamaza. Kwa hiyo dada BintiShangani nakuunga mkono kwamba wakubwa wanapita, lakini kwetu sisi wadogo daftari lile lilituokoa na sisi wenyewe.

Sasa pesa. Mhasibu uko sahihi kwamba kibali hakileti hata gunia moja la chokaa, na nadhani hapo ndipo Mamlaka inapokwama: ina nguvu ya kusema usifanye, haina mkono wa kusema shika hiki ufanye. Ingekuwa wenye nyumba za watu wanaishi ndani wanapata chokaa kwa bei ya chini na fundi wa kukopeshwa, Shangani pengine zingebaki tano badala ya mbili. Waliofanya Dispensari ya Zamani na Forodhani walitengeneza vitu vinavyoonekana ukiwa kwenye boti ya Azam. Chumba cha babu hakionekani na boti yoyote.

Tulichofanya sisi: nimefungua kundi la WhatsApp, nikaliita "Gata". Warithi 23, wamejibu 17. Wa Toronto ametuma mwanzo, wa jirani kabisa hajajibu mpaka leo na namwona yuko hewani. Tumekubaliana chumba kimoja cha chini kikodishwe duka, kodi yake isigawanywe hata senti, iwe ya paa. Wawili walitaka tuuze kwa mtu wa hoteli, tumepiga kura, wameshindwa kwa heshima. Babu yeye hakupiga kura. Aliuliza tu kama kitanda kitarudi pale pale.

BintiShangani

Kirudi pale pale. Na mkimaliza niiteni nije nikae barazani, nitakuja na halwa.

MhasibuWaNdoto

Duka la kodi ya paa. Hiyo naikubali, nimeiandika. Hesabu zenu wekeni wazi kila mwezi kwenye kundi, msiseme "tutaelewana". Mirathi haielewani.

Chokaa_Mbichi

Mwanangu nitakuja Jumamosi bure kuangalia ukuta. Chokaa mmeshailaza?

MwanaKiponda

Imelala tangu mfungo sita, fundi, kwenye mapipa mawili uani. Kilichobaki ni boriti, zimeshuka Malindi jana na kichochoro chetu gari halifiki. Mkokoteni tulioazima umepasuka gurudumu mbele ya msikiti. Mwenye mkokoteni mzima maeneo ya Kiponda au Mchangani, kesho baada ya alasiri, anitumie ujumbe. Chai na mandazi juu yetu.

Mzee wa Sokomuhogo

Na vespa je, haifai?

KibokoniBoy

Mleteeni punda 😂